Ujira wa Siku Isiyo na Kazi

Tunapotaja utamaduni wa Taifa, mawazo ya wengi hukimbilia ngoma, mavazi, jando na unyago, au zile nyimbo za zeze za Wagogo ambazo zimeitangaza nchi ya Dodoma hata ng'ambo. Hatuna ugomvi na zeze. Hata hivyo uko upande mwingine wa utamaduni ambao hauchezwi jukwaani wala hauwekwi katika nyumba ya makumbusho, nao ni zile hukumu ambazo watu wamezizoea juu ya haki na deni: nani anamwia nani, na kwa sababu gani. Makala haya yanaichukua hukumu moja tu kati ya hizo. Mtu aliyeajiriwa akipunguziwa siku zake au saa zake za kazi, si kwa uvivu wala kwa ugonjwa, bali kwa kuwa mvua imenyesha, mtambo umekufa au pamba haikufika kiwandani, hasara ya siku ile iwe ya nani?

Tumechagua kulitazama jambo hili tukiwa Mlali. Msomaji asichanganye, maana Mlali ziko mbili, na moja iko Mvomero katika Mkoa wa Morogoro. Tunayoisema sisi ni Mlali ya Kongwa, mashariki ya mji wa Kongwa, mahali ambapo nyika ya Ugogo inakutana na milima ya Ukaguru, na ambapo Mgogo na Mkaguru wamekuwa wakioana, wakikopeshana mbegu na kugombana juu ya malisho tangu zamani. Tulifanya kazi ya serikali katika sehemu hizo mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati Kongwa ingali sehemu ya Wilaya ya Mpwapwa. Mengi tutakayoyasema juu ya fikra za watu tuliyasikia huko, kutoka kwa wazee ambao wengi wao sasa ni marehemu.

Kwanza yafaa tuyatazame maneno yenyewe, kwa kuwa lugha hutunza mambo ambayo wasemaji wake wamekwisha kuyasahau. Neno mshahara limetoka katika Kiarabu, na shina lake ni neno lenye maana ya mwezi. Kwa hiyo tangu asili yake mshahara ni malipo ya mwezi: mwezi ukiandama haki imefika, hata kama kati yake zilipita siku ambazo mtu hakushika kazi. Kibarua ni jambo jingine kabisa. Ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa huko pwani kiwe ushahidi kwamba leo amefanya kazi. Baadaye jina la karatasi likamwangukia mtu mwenyewe. Basi tuna watu wawili, mmoja anahesabiwa kwa mwezi wake na mwingine kwa karatasi yake, na historia nzima ya ujira katika nchi yetu imo katika mwendo wa huyu kutaka kuwa yule. Lipo na neno la tatu, posho, ambalo leo vijana hulifikiria kuwa ni bahasha ya semina. Zamani posho ilikuwa ni chakula: kibaba cha unga, maharage na chumvi, alichopewa mtu wa kazi ili aweze kusimama kesho. Tunamwomba msomaji alishike neno hili la tatu, maana tutalirudia.

Huko Mlali, kabla fedha haijaenea, kazi kubwa za shamba zilifanywa kwa ujima. Mwenye shamba alipika pombe ya mtama au ya uwele, akawaalika majirani, na kila mmoja akakatiwa ngwe yake ya kulima. Kazi ikiisha, watu walikaa chini wakanywa. Tulimwuliza mzee mmoja swali ambalo kwetu lilikuwa zito: je, mvua kubwa ikianguka asubuhi, na watu hawajafika hata robo ya ngwe, hiyo pombe inakuwaje? Alitutazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza kwa nini maji hushuka mlimani. "Pombe imekwisha iva," akasema. "Utaimwaga?" Pombe ya nafaka haingoji mtu, kesho kutwa imechacha. Basi watu waliingia ndani wakanywa, mvua ikinyesha, na siku ilipokucha jua walirudi kuzimaliza ngwe zao bila ya kupikiwa pombe nyingine. Asiyerudi hakushtakiwa popote. Ila naye alipopika pombe yake, majirani walikuwa na safari siku hiyo.

Twaona hapa mambo mawili yaliyofungwa pamoja. Aliyekuja na jembe lake mapema amekwisha kutimiza sehemu yake, na mvua si kosa lake. Kwa hiyo hafukuzwi akiwa na kiu. Lakini pia hakuhesabiwa kuwa amelima. Amekunywa, na kazi bado ni deni juu yake. Wasomi wa mambo ya kazi wameandika vitabu vinene kulieleza jambo hili, na tunathubutu kusema kwamba hawakuliweka sawasawa zaidi ya hapo.

Fedha ilipoingia, ujima ulipungua na vibarua wa kupalilia wakaongezeka, nayo hukumu ikabadilika umbo. Mwenye shamba wa Mlali aghalabu ni maskini kama kibarua wake. Hana akiba ya kumlipa mtu kwa ngwe ambayo haikulimwa. Desturi tuliyoikuta ni hii: kibarua aliyenyeshewa katikati ya ngwe hulipwa nusu ya fedha, lakini chakula cha mchana hupewa chote. Tulipomwambia mama mmoja mwenye shamba kwamba kwa hesabu zetu za ofisini angempa na ugali nusu, alicheka mpaka akajifuta machozi. Tumbo, alisema, halijui kwamba mvua imenyesha. Fedha hufuata jembe, chakula humfuata mtu. Kwa maneno mengine, watu hawa wanaugawa ujira katika mafungu mawili, fungu la kazi na fungu la kuishi, na hasara ya siku mbaya wanaiweka juu ya fungu la kwanza peke yake. Hilo la pili ni ile posho ya zamani.

Hukumu hii haikutokea hewani. Ugogo ni nchi ya mvua chache na ya njaa zenye majina. Kubwa kuliko zote katika kumbukumbu za wazee ni Mtunya, ile iliyokuja wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kuendelea hadi mwaka 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na mvua nazo zikakosekana. Maelfu ya watu walikufa. Waliosalia walikwenda kuhemea, yaani kutafuta chakula katika nchi za jirani kwa kubadilisha mali, kwa undugu, au kwa nguvu za mikono. Watu wa milimani, Ukaguru, waliwaona wageni hawa wakipita Mlali. Mahali penye historia ya namna hiyo watu hujifunza kutenganisha njaa ya uvivu na njaa ya mvua. Aliyelima, akapanda, akapalilia, kisha mbingu zikafungwa, hawezi kuambiwa kwamba asiyefanya kazi na asile.

Kuna methali iliyopendwa sana na viongozi wetu baada ya uhuru, na ambayo Mwalimu Nyerere aliitumia katika maandishi yake ya mwaka 1962 juu ya Ujamaa: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi inafundishwa shuleni kuwa ni onyo kwa mgeni. Sisi tunaona kwamba methali hiyo ina watu wawili ndani yake, na kwamba tendo lililomo si la mgeni. Anayeamriwa ni mwenyeji: mpe jembe. Mwenyeji akiwa hana jembe, au amelifungia ghalani kwa kuwa bei ya mazao imeanguka, mgeni aliyekaa uwanjani akiliomba hastahili kusimangwa kwa kula. Huo ndio msingi wa suala letu. Mfanyakazi aliyepunguziwa siku ni mgeni aliyeomba jembe akanyimwa.

Wakoloni walilifanyaje jambo hili? Katika mashamba makubwa ya Tanganyika, hasa ya mkonge, palikuwa na utaratibu wa kadi iliyoitwa kipande. Kadi ilikuwa na nafasi za siku 30. Kila siku mtu alipotimiza kazi aliyopimiwa, alama moja ilitiwa. Na siku alizokosa, kwa sababu yoyote, hazikuhesabiwa. Malipo yalitolewa kadi ilipojaa. Mwezi wa mwajiri haukuwa basi mwezi wa mbinguni, maana ulikuwa ukirefuka na kufupika. Mtu aliweza kuutumikia mwezi mmoja kwa muda wa mwezi na nusu. Hapo hata lile neno mshahara lilipokonywa maana yake.

Mzee mmoja wa Mlali alikuwa ameihifadhi kadi yake katika kibuyu cha tumbaku. Katika ujana wake alikuwa amefanya kazi katika shamba moja la mkonge upande wa Kilosa. Tulizihesabu alama: zilikuwa 23. Nafasi 7 zilikuwa tupu. Tulidhani aliugua. Alisema hapana, korona ilikufa. Korona ndiyo mashine ya kuvuna nyuzi katika majani ya mkonge, na jina hilo lilijulikana katika mashamba yetu miaka mingi kabla ya dunia kulisikia kwa maana ya maradhi. Mashine ilipoharibika hapakuwa na sababu ya kukata majani, kwa kuwa majani yaliyokatwa hunyauka. Wakataji walikaa kambini. Posho, alisema, ilitolewa, lakini alama haikutiwa. Wenzake walingoja mpaka mashine ikapona wakazijaza kadi zao. Yeye alipokea habari za msiba nyumbani akaondoka, na kwa kuwa kadi haikujaa, siku zile 23 nazo hazikulipwa. Hakuwa na hasira tena alipotueleza. Alilokuwa bado analishangaa, baada ya miaka zaidi ya 40, ni hesabu yake: "Mashine ni yake, ikifa ni yangu?"

Kutoka hapo alikwenda Kongwa, na sisi twende naye, maana ndiko yalikotokea makubwa zaidi. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, ikiwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilimtuma John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, pamoja na wenzake wawili, waje kutazama kama karanga zaweza kulimwa kwa mitambo katika Afrika Mashariki na ya Kati. Walizunguka kwa majuma 9, wakapendekeza kufyekwa kwa ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Kongwa ilianza mwaka 1947. Wenyeji walijua kwamba udongo ule wakati wa kiangazi huwa mgumu kama tofali lililochomwa, na kwamba mvua zake si za kutegemewa. Hawakuulizwa, au waliulizwa na wasiosikiliza. Matrekta mengi, yakiwa ni masalio ya vita, yalikuwa mabovu kabla ya mwaka huo kwisha. Reli ndogo ilijengwa kutoka Msagali. Mji ukaota porini, na vijana wa Ugogo, Ukaguru na mbali zaidi wakamiminika kutafuta fedha.

Mwezi Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, kwa kuwa bei za vitu zilikuwa zimepanda kuliko ujira. Mgomo ukapanda na reli ya kati hata ukafika Kongwa. Wale waliokuwa wakidhani kwamba Mwafrika hajui mambo ya mshahara walipata jibu lao kwa lugha iliyo wazi. Lakini mgomo ni silaha ya mtu anayehitajiwa. Mpango wa karanga ulipoanza kupunguzwa, na hatimaye Januari 1951 ilipotangazwa London kwamba umeachwa, ukiwa umekula pauni zaidi ya milioni 36, mfanyakazi wa Kongwa hakuwa na silaha yoyote. Trekta halikuwaka, hakuna kazi, nenda kwenu.

Hapa tunataka msomaji, na hasa mwanafunzi wa historia, aziweke tarehe mbili pamoja, maana katika vitabu huwekwa katika sura mbalimbali. Tarehe 1 Machi 1948 shirika la serikali ya Uingereza la kuzalisha chakula ng'ambo liliupokea mpango wa karanga kutoka kwa kampuni iliyouanzisha. Tarehe 5 Julai mwaka huo huo, serikali ile ile ilianza kuitekeleza huko kwao Sheria ya Bima ya Taifa ya mwaka 1946, ambayo kwayo Mwingereza aliyekosa kazi alilipwa shilingi 26 kwa juma ikiwa hana wa kumtegemea. Serikali ilikuwa moja, na mwaka ulikuwa mmoja. Ilikwisha kukubali kwamba kukosa kazi kwaweza kuwa bahati mbaya ya mtu mwema, na kwamba hasara yake ichangiwe na mfanyakazi, mwajiri na Taifa. Ilichokuwa haijakubali ni kwamba mtu huyo aweza kuwa yuko Kongwa.

Yamkini mtu atauliza ni hoja gani iliyoficha tofauti hiyo hata watu waungwana wasiione. Hoja ilikuwa ni shamba. Mwafrika, walisema, ana shamba kwao, na mke wake analilima. Ujira ni wa kodi na nguo tu. Kazi ikipungua hafi njaa, hurudi kijijini. Si wote walioiamini. Mwaka 1954 kamati ya mishahara ya Waafrika nchini Kenya, iliyoongozwa na Carpenter, ilisema kinyume chake, kwamba ujira wa mtu mzima hauna budi kutosha yeye na jamaa yake. Ila hoja ya shamba haikuondoka na wakoloni. Tuliisikia kwa masikio yetu, katika Kiswahili safi, kutoka kwa watu wetu wenyewe: kiwanda kikifungwa si akalime? Wakati wa kampeni ya Nguvu Kazi, mwaka 1983, waliohesabiwa kuwa hawana kazi mijini walikusanywa wakapelekwa mashambani. Kulima ni kazi ya heshima, na sisi ni wana wa wakulima. Lakini jembe la Ugogo mwezi wa Julai halina la kufanya. Mtu anayeambiwa arudi shambani wakati wa kiangazi ameambiwa angoje tu, ila angojee mbali.

Sheria za mwanzo za Taifa huru zilikuwa na huruma kuliko zile za mkoloni. Mwaka 1962 ililetwa sheria ya kiinua mgongo kwa anayeondoka kazini. Mwaka 1964 Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, na mwaka huo huo sheria ya kumlinda mfanyakazi asifukuzwe ovyo. Oktoba 1966 Mwalimu aliupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya wakubwa wengine ikapunguzwa. Watu wa kawaida hawakuisahau siku ile, kwa sababu iliwafundisha kwamba mzigo wa upungufu waweza kuanzia juu. Hata hivyo ukizitazama sheria zile tatu utaona kwamba zote zinamwangalia mtu anapoondoka au anapoondolewa. Aliyebaki nusu, ambaye jina lake lingali katika daftari la kiwanda lakini anaitwa siku tatu kati ya sita, hakuwamo.

Mtu huyo alijitokeza kwa wingi miaka ya 1980. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na upungufu wa fedha za kigeni viliviacha viwanda vyetu vikifanya kazi kwa sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Sisi tulikuwa wanafunzi. Baba yetu mdogo alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kimoja cha nguo, na alikuwa akija likizo akieleza jinsi walivyoingia zamu, wakakuta hakuna uzi, wakafagia, wakakaa juu ya marobota matupu mpaka king'ora kikalia. Mwisho wa mwezi walilipwa. Jioni moja pale nyumbani palikuwa na mabishano makali. Kijana mmoja alisema huo ni mshahara wa bure, unaotoka katika jasho la mkulima wa pamba ambaye Chama chake cha Ushirika hakijamlipa. Tunakiri kwamba neno lile lilikuwa na uzito, na hakuna aliyelijibu upesi.

Ndipo bibi yetu, aliyekuwa akichambua mboga na ambaye tulidhani hasikii, akamwuliza baba mdogo swali moja: asubuhi ulikuwa ukienda? Akajibu kwamba alikuwa akienda kila siku, na kwa miguu, mabasi yakiwa hayana mafuta. "Basi ni chako," bibi akasema, na hakusema zaidi.

Tumelikumbuka swali lile mara nyingi tulipokaa katika vikao vya ofisi, tukisikia watu wenye elimu wakitafuta kipimo cha haki. Bibi hakuuliza kiwanda kimezalisha nini, wala mwenzetu alihitaji kiasi gani. Aliuliza kama alijitokeza. Ni kipimo kile kile cha mtu aliyefika ngwani na jembe lake kabla ya mvua. Nacho kina ukali wake, maana aliyekuwa akibaki kitandani kwa kujua kwamba uzi hakuna asingepata kibali cha bibi. Pia hakimjibu yule mkulima wa pamba. Yeye naye alijitokeza, akalima na kuvuna, na siku yake haikulipwa na mtu. Tangu jioni ile hatujaona fumbo hili likifumbuliwa sawasawa, na tunamwonea shaka kila anayelipita mbio.

Miaka ya 1990 ilifuata na upunguzaji wake wa wafanyakazi, ambao wasomaji wengi wanaukumbuka bila ya sisi kuwaeleza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa na kushauriana nao, na inaweka kiinua mgongo cha ujira wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi, usiozidi miaka 10. Inaweka pia kikomo cha saa za kawaida, 45 kwa wiki. Hicho ni kikomo cha juu. Cha chini hakuna: sheria yamkataza mwajiri kumchosha mtu, ila haimkatazi kumwita kwa saa 10 tu na kumlipa hizo. Mwaka 2018 liliongezwa katika hifadhi ya jamii fao la kukosa ajira, ambalo humpa mwanachama aliyechangia kwa muda uliowekwa thuluthi ya mshahara wake kwa miezi 6. Ni hatua kubwa, nasi tunaisifu. Lakini ni fao la aliyeachishwa.

Upungufu huo ulionekana mwaka 2020, ndege za kimataifa zilipokoma na hoteli za Zanzibar na Arusha zikakosa wageni. Wako waliopewa likizo isiyo na malipo, na wako walioambiwa waje kwa zamu na kulipwa nusu. Kwa sheria walikuwa bado wana kazi. Kwa jikoni hawakuwa nayo. Wakati huo huo Waingereza waliwekewa mpango ambao serikali yao ililipa asilimia 80 ya ujira wa aliyesimamishwa kwa muda, usiozidi pauni 2,500 kwa mwezi. Wajerumani hawakuhitaji kubuni kitu. Mwaka 1910 walikwisha kuanza kuwafidia wachimbaji wa madini ya potasi waliopunguziwa kazi, na leo desturi yao ni kwamba mfanyakazi aliyepunguziwa saa hulipwa na mfuko wa bima asilimia 60 ya ujira wa mkononi alioupoteza, na 67 akiwa na mtoto. Tazama hizo 7 za nyongeza. Hazina uhusiano wowote na kazi iliyofanyika. Ni ugali wa yule mama wa Mlali, uliopimwa kwa hesabu ya Kijerumani.

Mwaka jana tulipita tena njia ile. Mashamba ya karanga yalikwisha kuwa malisho siku nyingi, na ng'ombe wa ranchi ya taifa wanalala mahali palipolala matrekta. Shughuli sasa iko Kibaigwa, katika soko kubwa la mahindi kando ya barabara iendayo Dodoma, na vijana wa Mlali huenda huko kupakia magunia. Hulipwa kwa gunia. Siku ambayo malori hayakuja, kwa kuwa bei imeanguka au mpaka umefungwa, hakuna gunia na hakuna anayewaita wafanyakazi, maana hawana hata mwajiri mmoja wa kumdai.

Kundi moja la vijana hao lilituonyesha daftari lao. Kila lori linaloondoka limejaa, sehemu ndogo ya malipo hukatwa na kuwekwa kwa mtunza fedha, mama anayeuza chai hapo hapo. Siku kavu, kama wanavyoiita, kila aliyefika sokoni kabla ya saa 2 asubuhi na jina lake likaandikwa, hupewa fedha ya chakula kutoka katika fungu hilo. Haifiki nusu ya malipo ya siku njema. Tuliuliza ni nani aliyewafundisha utaratibu huu, tukitazamia kusikia jina la chama au la mtaalamu. Walitazamana. Mmoja akasema kwamba hawakufundishwa, bali mwanzoni walikuwa wakigawana sawa kwa wote, hata wasiokuja, na mfuko ukafa ndani ya miezi miwili. Ndipo wakaweka hiyo saa 2. Mama wa chai aliongeza kwamba mwenye mtoto mchanga nyumbani huandikiwa jina hata akichelewa, kisha akatufunikia daftari, kwa sababu lori lilikuwa linaingia.